Kikwembe ambacho fundi Ruphin hajakikata

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Kamalondo. Fundi Ruphin anakanyaga cherehani yake barazani, akiunga mikono ya gauni la ubatizo. Baa ya upande wa pili wa barabara inafungua milango, na wimbo ule ule wa jana unaanza. Mguu wake unasimama.

Ruphin, mwenye miaka arobaini na mitatu, ameshona hapa kwa miaka ishirini. Hutoa magauni manne au matano kwa wiki. Umeme ukikatika, cherehani ya miguu haijali. Kwa mwezi mzima sasa, wateja wanaongojea nguo zao hawana mjadala mwingine ila maana ya wimbo huo, ambao mwanamuziki wa mtaa wa Kampemba aitwaye Donat anamwimbia mwanamke aliyempoteza.

Léa, muuza samaki, anaamini mwanamke huyo amekufa. Paulin, dereva wa malori ya mgodi wa Kinsevere, anamcheka.

"Ule bibi alimukimbia ju ya kukoroma," anasema. "Njo maana yote. Papa Ruphin, unashona ama unalia?"

Ruphin hacheki. Ameshikwa na mstari mmoja tu: "Kikwembe yangu ingali kwa mama yako, wakati ingali pale, weye uko wangu."

Kikwembe ndicho kitenge. Katika ukoo wa Gaëlle, aliyeolewa na Ruphin miaka tisa iliyopita, anayeposa humpa mama wa msichana kitenge siku ya kwanza. Uchumba ukivunjika, hurudishwa mkono kwa mkono kikiwa hakijakatwa. Upande wa mwanamume usipokipokea, msichana huhesabiwa kuwa bado ni mchumba wake. Wengine wanasikia huzuni katika wimbo huo. Ruphin anasikia dai.

Ana sababu. Wiki tatu zilizopita, mama mkwe wake, Mama Albertine, alimletea kitenge cha maua ya njano amshonee gauni la harusi ya mpwa wake. Fundi alikikunjua mezani: yadi sita kamili, pindo halijaguswa na mkasi, mikunjo imepauka kwa miaka ya kukaa sandukuni. Kile alichopeleka yeye alipoposa kilikuwa cha buluu, na Mama Albertine alikivaa hadi kikachanika.

"Mi niko fundi," anasema. "Niliona ile mikunjo, nikajua haikutoka ku soko."

Hakuuliza. Alimdanganya mama mkwe kwamba cherehani imeharibika, kisha akaanza kumchunguza mkewe. Wimbo ukipigwa redioni, Gaëlle hutoka uani kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Ruphin aliliona hilo mara nne. Juzi, wakila bukari, yaani ugali, alimwuliza kitenge kile kililetwa na nani.

Gaëlle hakukana. Alikuwa mchumba wa Donat kabla ya kumjua Ruphin. Uchumba ulipovunjika na familia ya Gaëlle kukirudisha kitenge, baba yake Donat alikikataa mlangoni, akitumaini vijana watapatana. Baadaye mzee alifariki, na Mama Albertine akadhani shauri limezikwa naye.

"Nilinyamaza ju nilikupenda," Gaëlle alimwambia. "Kama ningesema, baba yako angekubali?"

Ruphin anakiri kwamba baba yake asingekubali. Hata hivyo, bado ana swali moja: baada ya miaka kumi na moja, Donat alijuaje kwamba kitenge kingali pale? Gaëlle anasema amebahatisha tu. Ruphin anasema anamsadiki nusu.

Jumapili hii, baada ya misa, atamsindikiza Mama Albertine hadi Kampemba kukirudisha.

"Bakipokea, iko mwisho," anasema. "Bakikatala, nitaikata pale pale mbele yabo, nimupimie mama gauni."

Amemtaka Gaëlle pia aende, ingawa desturi haimhitaji. Akiulizwa sababu, fundi anaanza tena kukanyaga cherehani.

"Donat njo atafungua mulango," anasema. "Nataka nione uso ya bibi yangu ile saa."