Malimau ya Kusini, Ngazi za Kaskazini

Shemeji yangu Mtaliano, mume wa dada yangu, alimwandikia mama barua ya kumwalika Italia kwa wiki mbili, na ndani ya bahasha akatia vijitabu viwili vya picha. Kimoja kilikuwa cha pwani ya kusini, Amalfi, na kingine cha pwani ya kaskazini, Liguria. Mama achague mwenyewe pa kwenda kupumzika. Kwa mwezi mzima baada ya hapo nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilijaa mabingwa wa Italia, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka Mtwapa ila kwa harusi au maziko.

Bingwa wa kwanza alikuwa shangazi, dadake marehemu baba, ambaye aliolewa Kizingo, mtaa wa wenye nacho, na tangu hapo akawa haji kwetu ila kwa gari. Gari lenyewe liliachwa mbali kwa kuwa vichochoro vyetu havikupata habari ya cheo chake. Aliingia akihema, akakamata kijitabu cha kusini na hakukiachia mpaka alipoondoka.

"Tazama malimau haya, wifi," akasema. "Makubwa kama mabuyu. Na nyumba zote rangi rangi. Huku ndiko wendako watu."

Bingwa wa pili alikuwa mjomba, kakake mama, aliyewatembeza watalii wa Kitaliano Ngomeni na vichochoroni mpaka akaijua lugha yao kuisema na kuiandika. Alivaa kofia ya ukindu aliyoachiwa na mtalii mmoja, na kila Italia ilipotajwa aliivaa hata ndani ya nyumba.

"Kaskazini ndiko kuliko na watu wenye heshima zao," akasema. "Wataliano wangu wote wa kaskazini wameniambia hivyo."

"Na wale wa kusini walikwambiaje?" nikamuuliza.

"Hao sikuwauliza."

Mimi mwenyewe sikuwa bora kuliko wao. Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo Kilindini, na nilikwisha kuwatangazia wenzangu kwamba mama anakwenda kusini, kwenye malimau. Kila asubuhi nilikibeba kijitabu mpaka ofisini nikakiweka juu ya meza yangu, karibu na mashine ya faksi, ambapo kila mwenye shida ya faksi angekiona, na jioni nikakirudisha nyumbani.

Asiyekuwa bingwa ni mama. Dada yangu alikuwa mwaka wa sita Milano bila kurudi, na mama hakuwa na haja ya malimau wala ngazi. Alitaka kitu kimoja tu, nacho alikisema waziwazi: amwone mwanawe akiwa kwa watu wake wapya, aone anavyotazamwa na anakalishwa wapi wakati wa kula. Barua za dada zilisema amepokewa vizuri. Mama alizisoma mara nyingi mno kwa mtu anayeyaamini anayoyasoma.

Kuhusu shemeji hatukuwa na wasiwasi. Alisilimu katika sebule yetu wenyewe, akaoa hapo hapo, akala biriani kwa mkono mpaka wali ukamfika kiwikoni, na shangazi akasema kijana huyu ni wetu. Sasa alinipigia simu ofisini kuulizia uamuzi, na kwa Kiswahili chake cha hotelini akaitetea kusini. Kijitabu cha kaskazini alikitia ili mama asione amechaguliwa, alisema, lakini huko ni mawe matupu na ngazi mia kutoka baharini mpaka nyumbani. Magoti ya mama yatateseka. Nilirudi nyumbani nikiyasifu mapenzi yake. Tulikaa jioni nzima tukimsifu mkwe anayewaza magoti ya mama mkwewe.

Ndipo mama alipouliza, "Na mamake yuwakaa wapi?"

Hatukuwa tumeliwaza hilo. Mama alikwenda kabatini akaja na bahasha za dada, zote zimefungwa kwa utepe wa kiatu. Barua za Agosti, kila mwaka, zilikuwa na anwani nyingine nyuma, na ndani yake dada aliandika kwamba wako kwa mama mkwe, samaki anapika yeye dada, nao wanampenda kwa mkono wake. Tulipozisoma zilipofika tuliona fahari. Kwetu mwanamke hampi mke wa mwanawe jiko lake hivi hivi. Mjomba aliitazama anwani, akaivaa kofia yake vizuri, akatangaza kwamba ni Liguria.

"Basi hapana la kuchagua," akasema mama.

"Si utampigia hodi siku moja tu, kisha uende zako kusini?" shangazi akalalamika. "Malimau yote haya, wifi!"

"Nifike nchi ya mkwe mwenzangu, nile malimau ya watu, nirudi bila ya kuonana naye? Watasema nalilelewa wapi?"

Wakaafikiana jambo moja. Kabla ya kumjibu shemeji, yule mama apelekewe salamu pamoja na halwa na kahawa, aambiwe wakwe zake wanataka kumzuru. Hakuna aliyefikiria kumuuliza shemeji wala dada. Kwetu mambo ya wakwe huzungumzwa na wakwe wenyewe, na waliooana huarifiwa baadaye. Mjomba akaandika barua ya Kitaliano yenye heshima nyingi kiasi cha kumchosha mpokeaji. Halwa ikashindiliwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na mimi, kwa mikono yangu miwili, nikaupeleka Posta.

Jibu lilikuja kwa mama, kurasa mbili, mwandiko wa mtu aliyesoma kwa masista. Shangazi alifika kabla hatujamaliza kumtumia habari. Sinia ya kahawa ililetwa. Mjomba alivaa kofia, akasoma kimya mpaka chini, akageuza, akasoma upande wa pili, kisha akaikunja.

"Yuwashukuru kwa halwa," akasema. "Yuwasema tamu sana. Yuwakusalimu."

"Kurasa mbili, kaka?" akasema mama. "Zote za utamu wa halwa?"

"Wataliano wana maneno mengi, dada."

"Nawe huna. Soma."

Mjomba akavua kofia. Sikuwahi kumwona akiivua kwa jambo la Kitaliano, na hapo niliingiwa na hofu. Akasoma polepole, akitafsiri mstari kwa mstari, bila kututazama. Yule mama alishukuru kwa zawadi. Hakujua kama msichana wa kazi wa mwanawe ana mama mwenye adabu kiasi hiki. Msichana ni msafi, hana maneno, na mkono wake kwa samaki hauna mfano. Kila Agosti mwanawe anapokuja mapumzikoni huja naye, naye hulala chumba cha kando ya jikoni, kidogo lakini kina dirisha. Amefurahi kuitwa mkwe. Anadhani ndivyo watu wa huko kwetu wanavyowaheshimu matajiri wao. Na kama mwanawe ana roho nzuri hata ya kumwalika mama wa mtumishi wake, basi yeye hatakuwa na pingamizi, Mungu amlipe mwanawe.

Kahawa ilipoa. Nilizikumbuka zile ngazi mia na yale magoti, nikaona aibu kwa jioni nzima ya sifa. Kisha nikaona hasira, na hasira yangu haikuwa kwa shemeji peke yake. Miaka sita dada alituandikia kwamba anapika, nasi tukashangilia.

Shangazi ndiye aliyeanza. Alikuwa ameshika kijitabu cha kusini kifuani.

"Wifi, bora uende kusini tu," akasema kwa sauti ya chini. "Huko hapana akujuaye. Na hapa tuliomo ndani, habari hii itaishia humu humu."

Mungu anisamehe, niliona maneno yake yana maana. Niliwawaza wenzangu wa ofisini na kile kijitabu walichokiona juu ya meza yangu. Niliona kusini hakutaulizwa mtu nani ni nani. Dada atakaa mezani na sisi, picha zitapigwa, na kila mtu ataziona Mombasa nzima.

Mama alimwondolea shangazi kijitabu taratibu, kama anavyomwondolea mtoto kisu, akakiweka chini ya sinia. Kisha akamwambia mjomba atoe kalamu.

"Mwandikie n'takuja kwake, kaskazini," akasema. "Ngazi zake n'tazipanda. Asinitayarishie chumba cha wageni. N'talala na mwanangu kando ya jikoni, na asubuhi tutakaa sote mezani, yeye na miye, tuzungumze habari ya watoto wetu."

Mjomba aliandika. Mkono wake haukuwa na madaha ya barua ya kwanza, na alifuta mara mbili. Alipofika mwisho akainua kichwa, akauliza atie nani hapo chini, mama wa msichana au vipi.

"Tia mkwe wake," akasema mama.