Nguvu Tano

Juzi binti yangu alirusha dadu mezani, akaandika namba kwenye karatasi ya shujaa wake wa mchezo, kisha akanuna. "Aki Mum, nguvu nne tu!" Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Mimi, nilipokuwa mdogo kama yeye, nilipata tano. Mvua ya Eldoret ilikuwa ikipiga mabati, sebule nzima ikinukia mahindi ya kuchoma, na binamu yangu Kevo alikuwa amerudi kutoka chuo na mchezo wa mashujaa na mazimwi. Kila sifa ya shujaa, iwe nguvu, wepesi au akili, ilitoka kwa dadu tatu zikijumlishwa. Kumi na nane ndiyo ilikuwa ya juu kabisa. Sikujua tunamtunga mtu wa kubuni. Nilidhani dadu zinanipima mimi, kama daktari.

Kwa hivyo mvua ilipokatika na Mama akaniambia nibebe ndoo ya mahindi twende kusaga, nilimwonyesha karatasi.

"Siwezi, Mama. Niko na nguvu tano."

Aliisoma polepole, akapangusa mikono kwa leso. "Hebu na mimi nipimwe."

Akarusha. Moja, moja, moja. Kevo alishika mdomo, maana hakuna namba ya chini kuliko hiyo.

"Tatu," Mama alisema. Akainama, akajitwika nusu gunia kichwani, na akageuka tu alipofika mlangoni.

"Haya. Tatu anaenda kusaga. Wewe Tano, shika ndoo tutembee."