Pumzi ya Fundi

Nilimchukia kwa sababu ya pua yake. Sitaki kuuma maneno: haikuwa tabia yake, wala umri wake, wala zile nyuzi za nguo zilizokuwa hazimbanduki shatini. Ilikuwa pua. Kila tulipotaka kuanza kupiga, Fundi alivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi, na katikati ya muziki, kabla ya kuingia, aliivuta tena. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, napiga selo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, na nilijiona mjuzi kweli kweli.

Tulikuwa wanne mwaka ule wa mwisho wa chuo. Fidla ya kwanza ilipigwa na kijana tuliyemwita Profesa, maana hakuna jambo chini ya jua ambalo hakuwa na maelezo yake. Viola, fidla iliyo nene kidogo kwa umbo na kwa sauti, ilipigwa na dada mmoja mpole, Kimya, na jina linatosha. Fidla ya pili ilikuwa ya Fundi, mwenye miaka arobaini na mmoja. Jina hilo hatukumpa sisi, alikuja nalo.

Muziki wa wanne hauna mtu wa kusimama mbele na kijiti. Mnaanza kwa kuvuta pumzi pamoja, na asiyewasikiliza wenzake anaachwa njiani. Mtihani wake nao ulikuwa na alama moja tu, yetu sote. Mmoja akiharibu, mmeharibu wote. Kwa sisi watatu, kuanguka kulikuwa na maana ya kurudia mwaka. Fundi alikuwa ameshaanguka mara moja, mwaka uliotangulia, akiwa na kundi lingine, na kanuni ya chuo ilisema wazi kwamba anayeanguka mara ya pili anafungasha virago.

Huyu mtu alishona sare za wauguzi kwa miaka kumi na saba. Fidla ilimkuta hapo hapo dukani. Mteja aliileta ndani ya mfuko wake ili mfuko ubadilishwe zipu, kisha akapotea miaka miwili. Zipu ilibadilishwa siku ile ile. Muda uliobaki Fundi aliutumia kukitazama kile chombo kikining'inia ukutani, mpaka uvumilivu ukamwisha akakitungua. Mwenyewe aliporudi alimkuta anapiga, akasimama mlangoni hadi mwisho, akasema kwamba alichofuata ni mfuko tu. Akauchukua, akaenda zake. Tangu hapo Fundi aliibeba fidla yake katika mfuko alioushona mwenyewe kwa kitambaa cheupe cha sare za wauguzi, na alipoingia chuoni alimwachia mke wake cherehani zote mbili na ahadi ya miaka mitatu.

Nota alijifunza ukubwani, na kusema kweli hazikumkaa. Karatasi zake alizijaza do, re, mi kwa penseli, chini ya kila nota, si za fidla ya pili tu bali za sote wanne. Namba za vipimo, vile vijisehemu vya muziki vinavyotengwa kwa mistari na kuhesabiwa, hakuwa nazo kabisa. Profesa akisema turudie kuanzia kipimo cha tisini, sisi tulikuwa tumeshainua pinde, Fundi bado anapekua. Kisha ananigeukia kwa upole wake ule wa dukani na kuniuliza, "Hapo panaimbwaje, mdogo wangu?" Basi inabidi nimwimbie, mimi mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Nilichoka.

Wiki mbili kabla ya mtihani nikaandika barua kwa mwalimu aliyetusimamia. Niliandika kwamba mwenzetu wa fidla ya pili anapumua kwa kelele, hafuati namba na anatuvuta nyuma, na kwamba kwa haki tupimwe kila mtu kivyake. Nikatia sahihi. Mwalimu aliisoma mbele yangu, akaikunja, akasema itaingia kwenye faili la mtahini, naye ataamua akishatusikia. Nilitoka ofisini kichwa juu. Kufika ngazini kikashuka, kwa sababu nilijua fika kwamba Fundi akipimwa peke yake, kwa kusoma nota, hatoki mzima. Ningeweza kurudi kuiomba ile barua. Sikurudi.

Asubuhi ya mtihani tulingoja nje ya ukumbi mdogo, kwenye benchi la mbao. Nilipoinuka, msumari wa chini wa selo ulinasa gauni langu, na pindo likafumuka nusu mzunguko. Profesa akaanza kueleza jinsi gauni lilivyopaswa kukatwa. Fundi alifungua mfuko wake mweupe, akatoa sindano na uzi mweusi, akapiga goti pale sakafuni.

"Simama hivyo hivyo," akasema. "Ukitikisika nitakuchoma."

Nikasimama, na mlango ukiwa nusu wazi niliona faili la kijani juu ya meza ya mtahini. Yeye anashona, mimi natazama faili. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na bado mdomo haukufunguka. Alikata uzi kwa meno, tukaitwa.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Pua ya Fundi ilisikika ukumbi mzima. Ya pili ni ya polepole, na mle ndani selo inanyamaza vipimo ishirini na vitatu kabla ya kuingia peke yake chini ya wengine. Mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu. Nikahesabu: tisa, kumi, kumi na moja. Hapo mtahini, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akalifungua faili na kutoa karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu. Akaisoma huku sisi tunapiga, akainua macho akamtazama Fundi, akarudi kwenye karatasi.

Nilipotaka kuendelea kuhesabu sikujua niko wapi. Kumi na tano? Kumi na nane? Karatasi yangu ilikuwa safi, nota na namba tu, na namba hazikunisaidia chochote. Profesa alikuwa amefumba macho anajisikiliza, Kimya ameinamia viola yake. Nilijiona nikiingia mapema na kutuangusha wote, au nisiingie kabisa, na Fundi akifunga mfuko wake mweupe kwa mara ya mwisho.

Nikamtazama. Alikuwa anapiga sehemu yake, lakini macho yake yalikuwa kwangu, sijui tangu lini. Kisha, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuvuta pumzi, akaivuta, nzito, ndefu, kwa ile pua niliyoichukia. Ilikuwa pumzi yangu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, na selo ikaingia pale pale.

Tulipomaliza, mtahini aliishika barua akaniita kwa macho. Akauliza, mbele ya wote, kama bado nataka kila mtu apimwe kivyake. Profesa akaanza kueleza, nikamkatiza.

"Hapana," nikasema. "Nilipotea kwenye sehemu ya pili. Yeye ndiye aliyeniingiza. Nikipimwa peke yangu, nimeanguka."

Mtahini akasema hakuwa ameona kosa lolote pale. Nikamwambia najua. Akaandika kitu, muda mrefu, kisha akatuambia kwamba tumepita, kwa alama ya kawaida tu, na kwamba Profesa apunguze kujisikiliza.

Nje ya ukumbi Fundi alikuwa anafunga mfuko wake. Nilikaa kando yake kwenye benchi na kumwambia, nikiangalia viatu vyangu, kwamba barua ile ilikuwa yangu.

"Najua. Mwalimu alinionyesha Jumatatu. Aliniuliza kama nataka kubadilisha kundi."

Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi, na asubuhi hiyo alikuwa amepiga goti kunishonea pindo. Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilimwambia naomba nibaki na huyu," akasema. "Wale wawili nimepiga nao mwaka mzima hawajawahi kulalamikia pumzi yangu. Hawajawahi kuisikia."

Akanitazama pindoni kuona kama mishono imeshika, akavaa mfuko begani, akaenda kumpigia mke wake simu.