Jiwe Lililobaki Uwanjani

Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri mama hunipigia simu kutoka Tanga, na swali lake la kwanza si afya yangu. Huuliza, "Hajaonekana?" Namjibu hajaonekana. Hapo ndipo hunisalimia. Miaka imepita hivyo, na nimefika mahali naiogopa Ijumaa kuliko ninavyowaogopa wezi wa Jeppestown, mtaa ninaokaa.

Anayeulizwa ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Alinifuata Johannesburg nikiwa nimeshapata chumba na cherehani, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghorofa moja la Hillbrow. Wiki moja kukawa na fujo, maduka ya wageni yakavunjwa, watu wakakimbia huku na huku. Yeye alitoka asubuhi na koti lake la kazi, nililolitia kifungo kipya, akaniambia nimwekee ukoko wa wali kwa sababu anaupenda. Hakurudi. Nilimtafuta polisi, hospitali, chumba cha maiti, kwa mwajiri wake. Kila mahali waliniuliza kama nina hakika hakuhamia kwa mwanamke. Wa kwanza niliwatukana, baadaye nikachoka kutukana.

Kule Tanga wajomba walishamwambia mama isomwe hitima, aliyekwenda apumzike na waliobaki wapumzike. Asiyekuwepo na lake halipo, wakasema. Mama akawajibu kwamba sahani ya mwanawe ipo kabatini na hajailia mtu mwingine, kwa hiyo lake lipo. Kisha akanigeukia mimi kwenye simu. "Mtu haombolezwi mpaka atafutwe," akasema. "Kwetu mtoto akipotea mtaa mzima hutoka, huitwa kwa jina lake mpaka vichakani. Huko alitoka nani?" Nikasema nilitoka mimi. "Mmoja hatafuti," akasema. "Mmoja naye kapotea." Alikuwa amesema kweli.

Basi nimeishi na mtu ambaye hayupo na hajafa. Namwona. Namwona kisogo chake kwenye kiti cha mbele cha teksi, namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na ninajua fika upande ule ni ghala la matairi. Siku moja nilimfuata mwanamume kutoka Hillbrow mpaka Newtown kwa sababu alikuwa anaburuta kandambili ya kushoto vilevile. Kwenye robot, taa za barabarani, alisimama kungoja, akageuka. Alikuwa na ndevu za mvi. "Ufunani, sisi?" akaniuliza kwa Kizulu, yaani dada, unatafuta nini. Nilimwomba radhi, nikasimama pale katikati ya wauza vinyago nikalia bila haya.

Kazi yangu ni kushona. Nashona sare za shule, majoho ya kwaya, mapazia, chochote kinachopita chini ya sindano. Siku moja bibi mmoja wa Kizungu aliegesha gari mlangoni kwangu, jambo ambalo wenzake wengi hawathubutu kulifanya mtaa huu, akashuka na furushi. Ndani mlikuwa na sketi nzito ya sufu, ya mirabaraba ya kijani na nyekundu, nyuma marinda tele, wadudu wameitoboa vibaya. Nikamwambia ni sketi nzuri, lakini sidhani kama itamtosha kiunoni. Akacheka mpaka akashika meza. Ilikuwa ya marehemu mumewe, na sasa ataivaa mwanawe, mwanasheria.

Jirani yangu, Mkongomani anayesuka nywele chumba cha pili, alikuwa amechungulia. "Dada," akasema, "baba muzima anavala jupe? Hii inchi iko na mambo!"

Bibi aliomba atafsiriwe, akacheka tena. Akatueleza kwamba baba wa babu wa mumewe alitoka Uskoti kuja kuchimba dhahabu hapa, na kwamba wote wenye jina moja na babu yule hukutana kila mwaka, ukoo mzima. Kila ukoo una miraba yake. Ukiona nguo unajua mtu ni wa nani. Nikamwambia sisi tuna khanga, nazo husema zaidi ya hapo, hata matusi husema. Nilimwita Gogo, kama bibi yeyote anavyoitwa mji huu, naye akaitika. Niliziba matundu kwa nyuzi nilizochomoa ndani ya pindo, na baada ya hapo akaniletea za binamu wa mumewe, na za watoto wao, mpaka nikawajua watu wale kwa viuno kabla sijawaona kwa sura.

Msimu huu wa baridi alinialika kwenye mkutano wao. Alisema wanaume hucheza wakasahau umri, marinda yakapasuka, kwa hiyo nije na sindano. Nikaja na sindano. Ulikuwa uwanja wa shule ya zamani nje ya mji, majani yamekauka, upande mmoja bwawa lenye matete na nyuma yake mikaratusi. Langoni palikuwa na rundo la mawe linalonifika kifuani, na mbele yake kiwanja kidogo kilichofagiliwa. Kila aliyeingia aliinama, akaweka jiwe pale chini.

Gogo ndiye mtunzaji wa mawe hayo. Alinieleza kwamba zamani wanaume wa ukoo wakienda vitani kila mmoja aliweka jiwe lake, na akirudi alilichukua. Yaliyobaki ndiyo ya waliouawa, nayo yalijengwa rundo. Vita hakuna tena, desturi wameishika. Anayefika anaweka, anayeondoka anachukua. Aliyefiwa mwaka ule huja na jiwe la marehemu, hutaja jina mbele za watu, kisha hulipandisha juu ya rundo. Na Gogo haondoki jioni mpaka kiwanja kiwe kitupu. Miaka michache nyuma jiwe moja lilikuwa limebaki, wakatafuta, wakamkuta mzee wao mmoja ameanguka kando ya bwawa, kiharusi, bado yu hai. Tangu siku hiyo jiwe hawalifanyii mzaha.

"Chukua lako," akaniambia, akinisogezea ndoo iliyojaa mawe. "Na wewe umefika."

Mkono wangu ulichukua mawili. Sikupanga. Niliyaweka pamoja, moja likigusana na jingine, na hakuna aliyeniona kwa sababu Gogo alikuwa ameshageuka kumkumbatia mtu.

Mchana ulikuwa wa vichekesho. Wanaume wazima walitupa magogo hewani kwa nguvu zote, magoti yao yamekuwa ya bluu kwa baridi, wake zao wakiwashangilia. Nililetewa tumbo la kondoo lililoshindiliwa nyama na nafaka, nikauliza kachinja nani, hakuna aliyejua, nikala mkate wangu. Nilishona marinda mawili yaliyopasuka wenyewe wakiwa ndani. Vijana wao hawajui hata neno moja la lugha ya babu zao, wanasoma majina ya milima kutoka kwenye karatasi. Nikawafikiria watoto wa jirani yangu, wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kizulu. Haya, nikajisemea, wajukuu wao nao watakuja kukodi uwanja, wavae vitenge, wapike sombe, kisamvu cha Kikongo, wasiyoijua.

Jua lilipoanza kuinama walinyamaza. Mtu mmoja akapuliza zumari lao, lile la mfuko wa ngozi, na sauti yake ilinianzia nyuma ya shingo ikashuka mgongoni. Waliofiwa wakasogea mmoja mmoja. Mzee alitaja jina la mkewe, akaweka jiwe, akabaki amelishikilia kana kwamba litaanguka. Msichana akamtaja baba yake. Watu walikuwa wakilia wazi, wakifutana machozi. Niliwaonea wivu. Nasema kama ilivyokuwa, niliwaonea wivu waliofiwa, kwa sababu wao walikuwa na mtu wa kumtaja.

Kisha wakaanza kuondoka, kila mtu akiinama kuchukua lake. Nami nikaenda. Langu nililitia mkobani. Lile la pili nililisimamia. Nikilichukua nitalirudisha kwenye ndoo, liwe jiwe tu. Nikiliacha nimemzika mdogo wangu peke yangu, kwa siri, bila ruhusa ya mama. Vidole vilikataa kulichukua na miguu ilikataa kukaa pale, nikatembea mpaka kwenye gari la Gogo, ambaye ndiye angenirudisha mjini, nikasimama mlangoni nikitazama pembeni.

Nilimsikia akisema, "Kuna mtu bado."

Hakupiga kelele, lakini aliyekuwa karibu alimwambia wa mbele, na magari yakazimwa moja baada ya jingine. Watu wakashuka. Akina mama walihesabu watoto wao. Wanaume wakatawanyika, wengine vyooni, wengine nyuma ya madarasa, wengine kwenye matete. "Kuna mtu? Nani amebaki?" Sauti ziliitana uwanja mzima. Mwanasheria aliyevaa sketi ya baba yake, ile niliyoiziba matundu kwa mikono yangu, alikuwa amepiga magoti anachungulia chini ya sakafu ya jukwaa.

Ningeweza kusema palepale. Sikusema, na sioni haya. Katika mji huu wote, tangu asubuhi ile ya kifungo cha koti, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuinama chini ya kitu chochote kumtafuta mdogo wangu. Sasa ukoo mzima ulikuwa unampekua majanini, hata bila kujua ni yeye.

Nilisema nilipoona kijana mmoja anavua viatu aingie kwenye maji. "Gogo," nikamwambia, "ni langu. Niliweka mawili."

Nikamweleza. Kiingereza kilinipotea katikati, nikachanganya na Kiswahili na Kizulu, lakini alinielewa. Walioanza kusogea karibu walinielewa pia. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na nilikuwa nimejiandaa kujibu, maana mdomo ninao.

"Anaitwa nani?" Gogo akauliza.

Nikamtajia. Akajaribu, akakosea, akaniomba nirudie. Akajaribu tena. Nilidhani anataka kulijua kwa adabu tu, kisha atawaambia watu wake warudi kwenye magari. Aligeuka, akawatajia jina.

Wakaliita. Kwanza wachache, kisha wote, kuelekea bwawani na kuvuka mpaka kwenye mikaratusi. Walivuta pasipovutwa na kukata pasipokatwa, lakini lilikuwa jina lake, alilopewa na baba yetu siku ya saba. Halafu wakanyamaza. Waliacha nafasi ya mtu kujibu, wakasikiliza kwa dhati, wengine wameinamisha vichwa. Hapo ndipo nilipovunjika. Wakaita tena, wakasikiliza tena. Ndege hadeda mmoja alilalamika akaruka. Hakuna aliyeitika.

Gogo alinishika mkono, na wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. "Likipanda kwenye rundo hatuliondoi tena," akasema. "Amua wewe."

Nikamwambia uamuzi si wangu, ni wa mama yangu. Hakubisha. Alisema basi litabaki pale lilipo chini, si ndooni wala si kwenye rundo, na atamwambia mlinzi wa shule asifagie. Tulirudi mjini, na aliponishusha Jeppestown jirani yangu alisimama mlangoni akauliza kama wanaume walicheza. Nikasema walicheza.

Ijumaa simu ikalia.

"Hajaonekana?"

"Hajaonekana, mama. Lakini ametafutwa."

"Katafutwa na nani?"

Nikamsimulia yote, sketi na rundo na matete. Hakunikatiza, naye si mtu wa kutokatiza.

"Wazungu hao?"

"Wazungu, mama. Ukoo mzima."

"Walimwita kwa jina?"

"Kwa jina lake. Walilipinda, lakini ni lake."

"Wakasubiri?"

"Wakasubiri."

"Hakuitika."

"Hakuitika, mama."

Nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa, ule unaokwaruza, na sahani ikiwekwa mezani. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa ya bibi mzee, na mimi sikuwahi kumsikia akiwa mzee.

"Mwambie huyo mwenzangu aliweke jiwe juu, pamoja na ya wenzake," akasema. "Nitawaita wajomba zako tusome hitima."

"Sawa, mama."

"Na lako? Si umesema uliweka mawili weye?"

"Langu nililichukua. Ninalo hapa, juu ya cherehani."

"Basi rudi nalo nyumbani," akasema.