Mama Aliyefurahia Mashtaka ya Mwanawe

Wiki iliyopita nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Bugarama, nikisubiri barua ya uhamisho wa mwanangu. Akaingia mama mmoja, miguu ikiwa na udongo wa shambani. Alikuwa ameitwa kwa ajili ya binti yake wa darasa la pili, ambalo mwalimu mkuu mwenyewe hulifundisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama, mwanao anapiga kelele mno. Jana pekee aliandikwa mara nne kwenye orodha ya wapiga kelele."

Mama akashika mdomo. "Mara nne?"

"Nne! Namkaripia, ananyamaza kidogo, anaanza tena."

Nilidhani ataomba radhi. Akapiga kigelegele mpaka watoto wakachungulia dirishani.

"Nisamehe, mwalimu," alisema, akicheka na kufuta machozi. "Mume wangu alikuwa ananipiga mbele ya huyu mtoto. Yeye hakumgusa hata siku moja, lakini mtoto aliacha kuongea. Akisikia mwanaume amepaza sauti, anaingia chini ya meza. Tangu turudi kwa wazazi wangu, namwomba Mungu mtoto aseme hata neno moja darasani."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu. "Basi nitamweka dawati la mbele," alisema, "nimsikie vizuri."

Nasi tunavyopenda kusema ugomvi wa wakubwa haumhusu mtoto!

Nilipotoka, nilimwona yule mama pembeni ya uwanja. Binti yake alikuwa akiwafokea wenzake kuhusu zamu ya kuruka kamba. Mama hakumwita. Alisimama tu, akimsikiliza.