Baraza Lililokaa kwa Ajili ya Chombo cha Angani

Mwaka 2023, kiangazi kilipokuwa kimekwisha kukausha matope ya barabara ya Kabambare, nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane, nilianza kufanya biashara kati ya nyota. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Juni, saa tisa alasiri. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na minane, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, na mtu aliyechelewa kujua kuandika haachi tarehe zimpite hivihivi.

Mdogo wa marehemu mume wangu ana chumba cha kompyuta karibu na soko la Kasongo: mashine tano, sahani za umeme wa jua juu ya bati, na antena inayoleta intaneti hali ya hewa ikiwa njema. Watu huenda kuchaji simu na kuchapisha barua. Alasiri, kazi zikipungua, baadhi yao hubaki kucheza mchezo mmoja unaochezwa kwa wakati uleule na watu wa nchi nyingi. Kila mchezaji hupewa chombo kidogo cha kuruka angani. Hununua bidhaa katika kituo kimoja, huivusha hadi kingine, na akifanikiwa hupata chombo kikubwa zaidi. Niliwatazama siku kadhaa nikasema wazi kwamba walikuwa wanauza hewa.

«Bibi yangu,» shemeji akanijibu, maana kwa desturi yetu mdogo wa mume humtania mke wa kaka yake kama mke wake, «kuja uuze hewa pamoja nasi. Ama unaogopa kushindwa na watoto wa juzi?»

Nilivuta kiti. Sijawahi kuogopa biashara. Kwa miaka kumi na tisa mimi na mume wangu tulitoka Kasongo na baiskeli iliyosheheni chumvi, sabuni na vitenge, yeye akiisukuma kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mimi nyuma na kapu kichwani, hadi Kabambare, na mara nyingine hadi Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Nilipoiona ramani ya nyota kwenye kioo, sikuona ajabu yoyote. Niliona njia, vituo na watu wanaohitaji kitu.

Basi wanaoanza mchezo ule nawaambia haya, ambayo yalinipa heshima katika chumba kile kabla fedheha haijanifika. Jaza mafuta kwanza, ndipo ununue bidhaa. Mgeni hununua bidhaa kwanza, halafu hukwama kati ya nyota mbili na mzigo usio na mnunuzi. Ukifika kituoni usiulize wanauza nini, uliza wanakosa nini. Katika wiki ya kwanza watu walinicheka kwa kubeba maji, kwa sababu maji hayang'ari kama madini. Lakini wachimba madini hunywa, angani kama Salamabila, na mimi nilirudi kila mara na chombo kitupu. Na usiipende shehena. Atakayeitazama sana shehena yake hataitazama njia.

Ushauri wangu wa nne ulikuwa huu: tangaza njia yako. Katika mchezo kuna ukurasa ambapo wachezaji wa eneo moja huandikiana, na kila nilipoondoka niliandika nilikotoka, ninakokwenda na nilichobeba, kisha nikawauliza wengine njia zao. Vijana walishika vichwa. «Mama, unaita wezi!» Sikuwasikiliza, na sababu ilikuwa moja.

Machi 1991, mvua zikiwa zimepamba moto, mimi na mume wangu tulikutana na mtu aliyetoka upande wa Kabambare na baiskeli ya mafuta ya mawese. Hatukumjua. Alikuwa anakazana kupanda mlima, na anayesukuma baiskeli iliyojaa hasimami mlimani, kwa kuwa kuianzisha tena ni kazi ya watu wawili. Alisimama. Akatuambia kwamba mbao za daraja la mbele bado zilikuwa mahali pake lakini nguzo zilikuwa zimechukuliwa na maji, tusijaribu kuvuka. Mume wangu akamsaidia kuianzisha baiskeli, mgeni akaenda zake. Tulilala njiani, na asubuhi tuliliona daraja limelala ubavu mtoni. Hivyo ndivyo tulivyoishi katika njia ile, Wakristo na Waislamu, Wabangubangu na Wazimba: habari ya njia huombwa na hutolewa, haiuzwi. Anayeidanganya tulimhesabu kuwa mbaya kuliko mwizi, kwa sababu mwizi huchukua mzigo tu.

Jumanne, tarehe 4 Julai, nilikuwa na chombo changu cha pili, kikubwa, nilichokipata kwa safari thelathini na moja za maji. Nilikijaza maji, mbegu na dawa kwa ajili ya kituo kilicho kando ya nyota nyekundu, mahali ambapo sikuwa nimefika. Shemeji alikuwa ameketi mashine mbili kutoka kwangu.

«Shemeji, njia ya nyota nyekundu ikoje?»

Hakuinua macho. «Iko salama, bibi yangu. Kwenda tu.»

Nikaenda. Nilipotoka kwenye mruko wa tatu wa kutoka nyota hadi nyota, chombo cheusi kilikuwa kinaningoja bila taa. Kioo changu kikawa chekundu, mashine ikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, na kabla sijapata kitufe cha kugeuza, chombo kilikuwa vipande. Vipande vile vikazunguka polepole, na yule mwenye chombo cheusi akaviokota kimoja kimoja kama mtu anayeokota karanga zilizomwagika.

Nilipiga yowe. Mama anayeuza vocha mlangoni aliingia mbio akidhani nimeguswa na umeme. Nilijionea haya na bado sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nalilia kitu ambacho hakikuwapo. Shemeji aliniletea maji katika kikombe cha bati. «Pole,» akasema, «pole sana, bibi yangu. Angani kuna watu wabaya.»

Kesho yake nilimwandikia mnyang'anyi yule barua kwa Kifaransa, yenye tarehe, nikimweleza kwamba nilikuwa mjane, kwamba nilikuwa nimetangaza njia yangu kwa uaminifu, na kwamba nilidai maelezo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: kichwa kidogo cha manjano kinachocheka mpaka kinatoa machozi.

Hapo nyumbani kulikuwa na jambo kubwa kuliko nyota. Binti wa shemeji alikuwa aolewe Jumamosi, tarehe 12 Agosti, na kijana wa Lusangi. Katika ukoo wa mume wangu binti hatoki kwa baba yake mpaka mke wa kaka mkubwa amshike mkono na kumvusha kizingiti. Kaka mkubwa alikuwa mume wangu. Mkono uliobaki ni wangu. Mkono huo usipotolewa, wageni huelewa kwamba ukoo umekataa, nao hurudi kwao na mbuzi wao wa mahari.

Jumapili, tarehe 16 Julai, baada ya misa, wazee wawili kutoka Lusangi walikula kwa shemeji ili siku ithibitishwe. Tulikuwa tumekaa vizuri. Shemeji, aliyekuwa amechangamka, akanikatia kipande cha bugali na kunisogezea sahani ya samaki.

«Bibi yangu, yule munyang'anyi wako wa angani, bado unamutafuta?»

«Namtafuta,» nikasema. «Mungu anamjua.»

«Hata weye unamujua. Ndiye huyu anakukatia bugali!»

Alicheka hadi akakohoa. Akawaeleza wageni yote: jina la pili alilolificha, jinsi alivyotumia mashine moja kwa jina lake na nyingine kwa uharamia, barua yangu ya Kifaransa. Wageni walicheka kwa adabu, kama watu wanaocheka utani wa nyumba isiyo yao. Mimi sikuhisi hasira kwanza. Nilimtazama mtu aliyebeba jeneza la mume wangu kwa bega la kulia, nikakumbuka kile kikombe cha maji, nikajiuliza ni nani hasa aliyekuwa amekishika. Nikanawa mikono, nikakaza kitenge changu, nikaondoka bila kuaga. Nilikuwa sijaondoka mahali bila kuaga tangu niwe mtu mzima.

Jioni nikatuma neno: mkono wangu hautamvusha mtu kizingiti.

Shemeji alidhani ni utani wa kujibu utani. Zilipopita siku tatu akaacha kudhani. Alimtuma mkewe, nikamkaribisha kwa chai, nikamrudisha na neno lilelile. Mjini wakaanza kusema kwamba mama mjane amegoma kwa sababu ya meli ya kwenye televisheni. Nilisikia, nikainua kichwa zaidi.

Jumanne, tarehe 25 Julai, binti mwenyewe alikuja. Hakukaa kwenye kiti nilichompa, alikaa chini.

«Mama mukubwa, baba amekosa. Mimi nimekosa nini?»

«Weye hujakosa kitu.»

«Basi kwa nini adhabu iko yangu?»

Nikamsogezea kiti tena, hakukikalia. Alifuta uso kwa upindo wa kanga, akaniambia kwamba mama wa mchumba wake alikuwa ameuliza mara mbili kama ukoo wetu unamficha kasoro fulani ya binti. Alipoondoka nilibaki nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimeshtushwa na shemeji. Siku ile nilishtushwa na mimi mwenyewe, kwamba mtoto niliyemfundisha kutembea alikuwa amekaa chini mbele yangu akiomba, nami nikamwacha aende. Hata hivyo sikuweza kusema nimesamehe jambo ambalo mwenye kulitenda alikuwa bado analiita mchezo. Nikaomba baraza.

Lilikaa Jumapili, tarehe 6 Agosti 2023, saa nne asubuhi, sebuleni kwa baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwepo yeye, shangazi wa mume wangu aliyeuza mawese maisha yake yote, shemeji, mimi, na binti karibu na dirisha. Mkubwa wa ukoo alikuwa na haraka. Alitaka kwenda kumwona mgonjwa.

«Hicho chombo,» akaniuliza, «kiko wapi sasa?»

«Kimevunjwa, baba.»

«Vipande vyake viko wapi?»

«Havipo.»

«Kabla ya kuvunjwa kilikuwa wapi?»

Kabla sijajibu, shangazi akadakia: «Kilikuwa kinapita juu ya nyumba yangu, ndiyo maana kuku hawatagi!» Wote wakacheka, na binti pia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Mkubwa wa ukoo akapangusa macho, akasema kwamba mtu hawezi kuibiwa kitu kisichokuwepo, kwamba shemeji aombe radhi kwa utani uliozidi, na kwamba tumalize.

Shemeji akasimama kujitetea, ingawa alikuwa ameshinda. Alisema, na alisema kweli, kwamba mchezo ule unaruhusu kuvizia. Kwamba yeye mwenyewe aliviziwa mara tano alipoanza. Kwamba anayeanza hufundishwa na hasara, na kwamba kila mtu chumbani alinikataza kutangaza njia nikakataa. «Nilitaka mama ajifunze,» akasema. «Kule juu hakuna ndugu.»

«Sikulalamikia chombo,» nikasema. «Uharamia uko katika sheria zao, nimezisoma zote. Mwulizeni nilimuuliza nini kabla ya kuondoka.»

Shangazi akamgeukia. Utani ulikuwa umetoka usoni mwake.

«Alikuuliza nini?»

«Njia.»

«Njia ikoje?»

«Ndiyo.»

«Na weye ukamujibu nini?»

Shemeji alitazama mikeka. «Nikasema iko salama.»

«Na ulikuwa unajua iko namna gani?»

«Mimi ndiye nilikuwa njiani.»

Hakuna aliyecheka. Mkubwa wa ukoo, ambaye naye alisukuma baiskeli hadi Kabambare akiwa kijana, na bega lake limebaki chini kidogo hadi leo, alikaa tena. Alimuuliza shemeji kama angeweza kumjibu vile mtu anayekwenda Salamabila kwa miguu. Shemeji akasema hapana, kamwe. «Basi,» mzee akauliza, «mudomo ni mbili? Moja ya angani na moja ya chini?» Shemeji akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alikuja akapiga magoti mbele yangu, mtu wa miaka hamsini, mbele ya binti yake, akasema, «Nilikudanganya njia, mama.» Hakuniita bibi yake. Nilishtuka kuliko siku ya chombo cheusi, nikamwinua kwa mikono miwili kabla hajamaliza.

Niliomba yaandikwe. Shangazi akasema mimi na karatasi zangu tutafungishwa ndoa siku moja, lakini akaniletea kalamu. Niliandika mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mwandiko: kwamba chombo hakikuhukumiwa, kwa kuwa kuvizia kunaruhusiwa katika mchezo ule; kwamba mdogo wa marehemu alikosa kwa kudanganya habari ya njia, naye atatoa kuku mmoja tutakayemla pamoja siku hiyohiyo; kwamba mimi nilikosa kwa kumwadhibu asiyekosa; na kwamba wanaoanza mchezo katika chumba kile wataambiwa kuwa mtu anaweza kukataa kujibu akiulizwa njia, lakini akijibu, ajibu kweli. Neno la mwisho lilikuwa kwamba mkono wangu utamvusha mtu kizingiti Jumamosi inayokuja.

Mkubwa wa ukoo aliweka kidole gumba. Shemeji akatia sahihi, shangazi akachora msalaba. Binti aliondoka dirishani, akasoma karatasi yote polepole huku midomo yake ikitikisika, kisha akaniuliza kama lile neno la mwisho lilikuwa lake.

«Ni lako,» nikasema, nikatia sahihi yangu, na chini yake tarehe.