Mishiri Iliyopinda

Tangu nijue kusoma, sipiti lebo bila kuisoma. Jumamosi sokoni Wembley, huku ughaibuni, nilishika pakiti ya mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, niliyonunua supamaketi, nikasoma kwa sauti: "Kenya." Mkulima Mzungu, naye anauza mishiri, akanyooshea pakiti kidole.

"Hiyo ndiyo inanimaliza. Supamaketi wamekataa yangu, eti imepinda, ya Kenya imenyooka. Wakikataa tena, nauza shamba."

Mama mmoja Mkenya aliyekuwa akichagua mishiri ya mkulima akatikisa kichwa. "Mzee, dada yangu kule Kenya analima hiyo hiyo. Iliyopinda wanunuzi wanamkatalia vilevile. Anawapa ng'ombe."

"Mimi ng'ombe wangu niliwauza mwaka jana," mkulima akasema, akamwongezea konzi mbili za mishiri bure.

Nyumbani nikaisoma lebo yote. Imeandikwa nchi, uzito na tarehe. Iliyopinda haikutajwa.